Acheni kuwaambia watu "piga simlinki tu" kila laibrari ikikosekana!!

Wakuu samahanini kwa kelele ila leo imenifika hapa. Kila mtu akiuliza kwa nini programu yake haifunguki kwenye Linux, laibrari fulani (faili la kodi ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja) haipo, lazima atokee mjuaji mmoja na jibu la mstari mmoja: ingia /usr/lib, piga ln -s kutoka toleo jipya kwenda jina la zamani (hiyo ndo simlinki, njia ya mkato inayofanya jina moja lielekeze kwenye faili jingine), kazi kwisha. Na watu wanamshukuru kabisa!

Hivi huo ujumbe huwa mnausoma kweli?

error while loading shared libraries: libssl.so.1.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Hiyo 1.1 ya mwisho sio pambo. Programu ilikompailiwa (iligeuzwa kutoka kodi kuwa faili la kuendeshwa) ikitegemea OpenSSL 1.1 (laibrari ya usimbaji wa mawasiliano), na wenyewe walipokuja na OpenSSL 3 wakabadilisha namba makusudi kwa sababu hizo mbili hazishikani. Ubuntu 22.04 (Ubuntu ni moja ya distro, yaani aina za Linux) ilipotoka ikaja na 3 peke yake, ndo maana programu kibao za zamani zikalala chali. Sasa we unamwambia mtu aipachike libssl.so.3 jina la libssl.so.1.1 halafu unategemea nini? Loda (sehemu ya mfumo inayopakia laibrari programu ikianza) inafungua faili, inatafuta ndani alama ya OPENSSL_1_1_0, haioni kitu, inagoma tena na safari hii inalalamika "version `OPENSSL_1_1_0' not found". Mgeni ni yule yule, mmembadilishia kanzu tu.

Na hapo una bahati maana imegoma mapema. Laibrari isiyo na alama za matoleo ndani inapakiwa vizuri tu, programu inafunguka, mtu anafurahi, halafu inakufa katikati ya kazi na segfault (kosa la kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) au mbaya zaidi inaandika data za ajabu kimya kimya, na wakati huo hakuna anayekumbuka kuna simlinki ya kienyeji imelala kwenye folda ya mfumo.

Kuna wengine wabaya kuliko hata hao wa simlinki, hawa wa glibc (laibrari ya msingi ya C kwenye Linux, faili lake ni libc.so.6). Mtu kaona GLIBC_2.34 haipatikani, mfumo wake ni Ubuntu 20.04 wenye 2.31, anaambiwa "download libc.so.6 ya distro mpya uibandike juu ya hiyo". Aisee!! Karibu kila kitu humo ndani kinategemea hilo faili, ukikosea hapo ls haifanyi kazi, cp haifanyi kazi, sudo ya kurudishia nayo haifanyi kazi, umebaki na flashi ya kubutia na majuto. Hiyo dawa yake ni kuhamia mfumo mpya zaidi, au kuiendesha hiyo programu ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa yenye laibrari zake yenyewe), au kuikompaili upya hapo hapo kwenye mfumo wa zamani, basi.

Na wala sio kazi ngumu jamani. Piga ldd (amri inayoonyesha laibrari ambazo programu inazihitaji) kwenye hiyo programu, chambua mistari yenye "not found", unapata orodha yote badala ya kukimbizana na moja moja (kama huiamini programu yenyewe usitumie ldd maana inaweza kuishia kuiendesha, tumia objdump -p uangalie mistari ya NEEDED). Halafu uliza pakeji gani ina hilo faili: apt-file search kwa watu wa Debian na Ubuntu, dnf provides kwa watu wa Fedora. Kama laibrari umeikompaili mwenyewe ikakaa /usr/local/lib na bado haionekani, mara nyingi hujapiga ldconfig (amri inayosasisha orodha ya laibrari za mfumo) tu, na Fedora unatakiwa kwanza uiandike hiyo njia kwenye faili ndani ya /etc/ld.so.conf.d. Sio kujaza LD_LIBRARY_PATH (orodha ya folda za ziada za kutafutia laibrari) kwenye .bashrc, faili la mipangilio ya teminali, mpaka programu zisizohusika nazo zinaanza kuokota laibrari za ajabu.

Nyie madevelopa nanyi msijifiche. Unatupa baineri (programu iliyokwisha kompailiwa) mtandaoni, hujaandika inataka nini, umekompaili kwenye mfumo mpya kuliko wote duniani halafu unashangaa watu wanalia. Kompaili kwenye distro ya zamani kidogo, au fungasha laibrari zako pamoja na programu na uweke rpath ya $ORIGIN (maelekezo ya kutafuta laibrari kwenye folda ya programu yenyewe), inakugharimu nini?

Najua kuna mtu atakuja na libaio (laibrari ya kusoma na kuandika diski) kama mfano wa simlinki inayofanya kazi. Sawa, Ubuntu 24.04 faili linaitwa libaio.so.1t64, jina lilibadilika kwa ajili ya mambo ya time_t (aina ya data ya kuhifadhi muda) ya biti 64, na kwenye mashine za amd64 time_t ilikuwa biti 64 tangu zamani, kwa hiyo simlinki pale inafanya kazi. Ila hiyo unaweza kueleza KWA NINI inafanya kazi. Ya libssl nani anaweza kueleza? Aje hapa na ldd yake tuone.