Kuwafundisha watoto mihimili ya dola: tuanzie wapi?

Kutoka: mama wa watoto wawili, Minneapolis

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Binti yangu wa miaka minane amefundishwa shuleni mihimili mitatu ya dola, yaani mamlaka ya nchi, kwa mfano wa Marekani. Alirudi nyumbani na mchoro wa mti wenye matawi matatu, akaniomba nimchoree na wa Tanzania. Nilipomtajia Serikali, Bunge na Mahakama, aliniuliza, "Mama, kwani Bunge siyo serikali?" Nikakwama. Mwezi Juni tunakuja likizo Dodoma kwa bibi yake, nami ningependa afike akiwa amelielewa jambo hili. Mnaofundisha huko nyumbani, naomba mnisaidie.

Kutoka: mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma

Dada yangu, hongera kwa kumlea mtoto anayeuliza. Tatizo lake linaanzia kwenye neno lenyewe. Huko shuleni kwake, neno moja la Kiingereza, "government", hubeba dola nzima, na matawi yote matatu yamo ndani yake. Kwetu sisi, Serikali ni mhimili mmoja tu, yaani Rais, mawaziri na watendaji walio chini yao, ingawa mitaani tumezoea kuita kila kitu cha umma "cha serikali", hata hakimu akaitwa mtu wa serikali. Mweleze kwanza kwamba kitu kikubwa ni dola, na kwamba ndani ya dola mna Serikali, Bunge na Mahakama. Ukiliruka hilo, yote yatakayofuata yatamchanganya.

Mti wake mwachie uwe wa Marekani. Tawi likikatwa, mti huendelea kuishi, lakini mhimili ndio unaobeba uzito. Mimi darasani hutumia tembe, ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo. Tunasimika magunzi matatu ya mahindi kwenye udongo uliokandwa, tunaweka juu yake kipande cha boksi, kisha tunamwaga mchanga kidogo kidogo juu ya boksi. Halafu namwita mtoto mmoja achomoe gunzi moja. Mchanga ukishawamwagikia miguuni, huwa sihitaji kueleza sana kwa nini tunaihitaji mihimili yote mitatu.

Wapo wanaotumia mfano wa mafiga matatu. Mimi nimeuacha, kwa sababu katika kampeni za uchaguzi mafiga matatu yamekuwa yakimaanisha Rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, na mtoto akiusikia hivyo kwa bibi yake atadhani kwamba diwani ni mhimili wa dola. Vilevile nakusihi usimwambie kwamba baba ni Rais na mama ni Bunge. Mtoto hakuwachagua wazazi wake, na kuchagua ndiko hasa tunakotaka akuelewe.

Baada ya hapo mpe kisa kimoja akifuatilie mwanzo hadi mwisho, badala ya kumkaririsha majina ya vyeo. Kisa ambacho wasichana wa darasani kwangu hukisikiliza kwa makini kuliko vyote ni cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo, iliyotungwa na Bunge, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata akiwa na miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alifungua shauri, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Zingatia kwamba Mahakama haikujiandikia sheria mpya, bali iliagiza sheria irekebishwe, kwa kuwa kutunga si kazi yake. Mtoto wa miaka minane hulielewa hilo vizuri kabisa.

Litakalomshangaza ni mawaziri. Huko Marekani mjumbe wa Kongresi, yaani bunge lao, hawezi kuwa waziri wakati huohuo, lakini kwetu waziri sharti awe mbunge, Waziri Mkuu huthibitishwa kwa kura za wabunge, na Ibara ya 62 ya Katiba inasema kwamba Rais mwenyewe ni sehemu moja ya Bunge. Kwa hiyo usimfundishe kwamba mihimili haigusani. Mfundishe kuuliza nani anamhoji nani.

Juni ni wakati mzuri, kwa kuwa Bunge la bajeti huwa linaendelea. Bibi yake aandikie mapema Ofisi ya Bunge kuomba nafasi ya wageni. Mkae asubuhi, wakati wa maswali na majibu, amwone Spika akiingia huku siwa, ile rungu ya heshima ya Bunge, imetangulia mbele yake, kisha amsikie waziri akisimama kumjibu mbunge. Mkitoka hapo mpelekeni aone Mji wa Serikali, Mtumba, zilipo wizara, na jengo la makao makuu ya Mahakama lililozinduliwa mwaka 2025. Sisi tuliosoma zamani tulilazimika kuyafikiria haya yakiwa yametawanyika kati ya Dar es Salaam na Dodoma, lakini yeye ataweza kuyaona kwa siku moja.

Kutoka: baba wa mtoto mmoja, Toronto

Mwalimu, ahsante sana. Naomba kuongeza jambo kwa ajili yetu tuliotoka Zanzibar. Ibara ya 4 ya Katiba inataja vyombo viwili kwa kila kazi: Serikali mbili, Mahakama mbili, na vyombo viwili vya kutunga sheria, yaani Bunge na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Nilijaribu zoezi lako jana jioni kwa kutumia magunzi sita, na mwanangu akaniuliza kama paa ni moja au mawili. Nilimwonyesha Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yenye mambo 22 ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa kwa pamoja kwa nchi nzima, tukayasoma moja moja, naye akawa anasogeza mchanga upande wa paa la pamoja kila tulipomaliza moja.