Njia ya kutazama wanyama Lindi na Mtwara: sahihi ya mahudhurio SIO maoni ya wananchi!!

Wakuu habari zenu, hasa ndugu zangu wa kusini. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kuna huu mradi wa njia ya kutazama wanyama na ndege ukanda wetu, yani mgeni aanzie misitu ya Rondo na Litipo huko Lindi, ashuke Mikindani, Msimbati, mpaka mdomo wa mto Ruvuma, na kila penye mnyama kuna kituo, kibao na mtu wa kuongoza. Wazo lenyewe ni zuri, mi naliunga mkono kwa moyo wote maana wageni miaka yote wanapelekwa kaskazini tu. Kinachoniumiza ni kwamba ripoti ya wenye mradi inasema "wananchi wameshirikishwa" na ushahidi waliouweka ni zile karatasi za mahudhurio tulizosaini ili tupewe nauli!

Tuliitwa ukumbini mjini, mwezi wa kumi, katikati ya msimu wa korosho, watu wako mashambani wanaokota na wengine wanasubiri mnada, sasa nani aache korosho zake chini aje kuangalia projekta? Wakaja wenyeviti, watendaji na sisi wachache. Ramani ilikuwa tayari ukutani, vituo vimeshachorwa na majina vimeshapewa. Maswali yakawekwa mwisho kabisa, chakula kikiwa kimeshafika. Mzee mmoja mvuvi akanyoosha mkono, akaambiwa ataandika kwenye fomu, na fomu zenyewe hazikuletwa mpaka tunaondoka. Hayo ndo maoni ya wananchi?

Na ramani ile ina makosa ambayo mtoto wa mvuvi angeyasahihisha. Kituo cha viboko wamekiweka sehemu moja kama vile Ruvuma umesimama, wakati kila anayeingia mtoni anajua masika ikipita mchanga umehama, mkondo umehama, na viboko nao wamefuata maji. Utajenga jukwaa la mbao kwa hela nyingi halafu mwaka unaofuata mgeni anatazama mchanga mtupu.

Kibaya zaidi, na hili ndo lililonifanya niandike, jukwaa jingine limepangwa juu ya ukingo ambapo mama zetu na dada zetu wanateka maji, wanafua na wanaoga. Ndiyo, pale pale! Wamepachagua kwa sababu mamba wanaonekana vizuri. Sasa mamba hao hao ndo wanaotuulia watu, wale kina mama wanakwenda pale kwa sababu hawana maji kwingine, halafu leo watu wenye kamera wasimame juu yao? Mle ukumbini wanawake walikuwa wa kuhesabu na hakuna aliyewauliza kitu. Angeulizwa mwanamke mmoja tu wa kijijini, hilo jukwaa lisingechorwa.

Msimbati nako wameandika safari ya usiku kwa gari ufukweni kutazama kasa. Jamani! Kasa anapanda usiku kutaga, akiona taa na kelele anageuka anarudi baharini bila kutaga, na vifaranga vikitoka kwenye mchanga vinafuata mwanga, ukiwasha taa za gari vinakwenda nchi kavu vinakufa. Gari nalo likipita linakandamiza viota. Pale ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na Ruvuma iliyoanzishwa 2000, wavuvi wamebanwa nyavu zao miaka yote hii kwa jina la kulinda viumbe, halafu mtalii aruhusiwe kukanyaga mayai?

Nyangumi wanapita huku kwetu kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja, na vijana wa boti wanajua wapi pa kusubiri na wapi usisogee kwa sababu mama ana mtoto. Rondo kuna yule komba mdogo kabisa, uzito wake kama gramu 60, anapatikana kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania na hakuna kwingine duniani. Huyo humpati kwa kibao cha barabarani, unamjua kwa mlio wake usiku, kwaiyo unahitaji mtu wa pale aliyezoea kuusikia. Hao watu wote kwenye mpango wanaitwa "wanufaika". Kuongoza wageni wataongoza wa kampuni za kutoka nje ya mkoa, sisi tutauza madafu na vinyago.

Af tusisahau, hapa watu wana kidonda. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na vurugu za 2013 zilitokana na watu kuona mali inapita mlangoni kwao kwenda Dar bila wao kusikilizwa. Mtu anayekuja leo na ramani iliyokwisha kuchorwa anatonesha pale pale.

Na sheria ipo, hatuombi fadhila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Majukwaa, maegesho, vyoo vya wageni, vyote hivyo vinakaa kwenye ardhi ya kijiji. Mkutano mkuu uko wapi? Muhtasari uko wapi?

Tunachotaka: waitoe ile karatasi yetu ya nauli kwenye ripoti. Warudi korosho zikishaisha, vijijini sio mjini, waje na karatasi tupu, wavuvi na wakulima wachore wenyewe, kina mama wasikilizwe peke yao bila wenyeviti kukaa mbele. Iandikwe pia kiingilio kinagawanywaje na kijiji kinapata ngapi kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa. Na lile jukwaa la mtoni lifutwe leo, hilo halina mjadala.

Kama kuna mtu wa Rondo, Rutamba, Mikindani au Msimbati aliyeitwa kwenye vikao vya namna hii, aandike hapa chini alisaini nini na aliambiwa ni ya nini. Nakusanya ili tupeleke kwa pamoja.