WRX ya turbo iliyobadilishwa vitu: nitune au nirudishe vya kiwandani?

Boksa_wa_Mbezi

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaozijua Subaru za turbo kwa undani.

Gari ni Impreza WRX, GDA ya 2003 ya soko la Japani, injini EJ205, gia za mkono. Limenunuliwa likiwa na haya: ekzosi ya inchi 3 kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, haina masega (katalisti ya kusafisha moshi), filta ya koni iliyo wazi, valvu ya blo-ofu inayotoa hewa nje, kidhibiti presha ya turbo cha kuzungusha kwa mkono, na nozeli za petroli zilizobadilishwa, ukubwa wake haujulikani. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ni ile ya Subaru ila sijui kama programu yake iliwahi kuandikwa upya.

Dalili: ukikanyaga kwenye gia ya tatu linamisi kuanzia 4000 rpm. Ukiachia mafuta kubadili gia linatoa moshi mweusi na kupasua. Likishakaa kwenye foleni linakuwa zito.

Matumizi ni Mbezi hadi Posta kila siku, na mara mojamoja Morogoro. Nitafute mtu wa kulituni vizuri, au nivue vyote nirudishe vya kiwandani?

SpanaNambari10

Mkuu, kabla ya kuchagua, pima injini. Kutuni injini iliyochoka ni kutupa hela, na kurudisha vya kiwandani kwenye injini iliyochoka ni hivyohivyo. Na kuanzia leo usikanyage mpaka turbo ijaze.

Pima kompresheni kwanza. Injini iwe ya moto, betri imejaa chaji, plagi zote nne nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa na pedali imekanyagwa hadi mwisho. Zungusha starta mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Kufikia plagi inabidi utoe betri, tangi la maji ya waipa na boksi la filta, kwa hiyo fundi akikwambia dakika kumi ujue hatapima zote. Tofauti kati ya silinda isizidi 10%. Iangalie sana namba 4, ndiyo inayoongoza kwa kuvunjika ukingo wa pistoni unaoshika ringi kwenye hizi injini. Ikiwa chini, pima uvujaji kwa hewa ya kompresa: ukisikia hewa kwenye kijiti cha oili ni ringi au pistoni, kwenye ekzosi ni valvu, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Ikipita hapo, tafuta hewa inapovuja. Ziba mdomo wa kuingilia turbo, jaza hewa taratibu isizidi bar 1, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye kila hosi, maungio ya intakula (kipozea hewa ya turbo) na gasketi za manifoldi. Hosi za umri huo hupasuka upande wa chini usikoonekana.

Kumisi kwa 4000 rpm chini ya presha, anza na plagi. Presha ikipanda, cheche inazimwa kama pengo ni kubwa. Weka NGK PFR6G au inayolingana nayo, pengo 0.7 mm, na nunua kwa muuzaji unayemwamini maana feki zimejaa. Bado inamisi? Hamisha koili kutoka silinda moja kwenda nyingine uone kama misi inaifuata.

Kulanti_Siyo_Maji

Naongezea kwa nini gari lenyewe lina tabia hizo, maana mkuu asipoelewa atabadilisha vitu kwa kubahatisha.

Moshi mweusi na kupasua ni valvu ya blo-ofu. Sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia injini) inakuwa imeshapima hewa hiyo na kontrol boksi imeshatoa petroli ya kutosha hewa hiyo. Wewe unaitoa nje. Petroli inabaki bila hewa yake. Rudisha valvu inayorejesha hewa kabla ya turbo, tatizo linaisha bila kugusa kontrol boksi.

Filta ya koni ni kinyume chake. Bomba linaloshika MAF likiwa na kipenyo kikubwa kuliko la kiwandani, hewa inapita taratibu mbele ya sensa, kontrol boksi inadhani ni kidogo, petroli inapungua. Injini inakauka kwenye presha, inagonga (petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda), pistoni inakatika. Halafu filta hiyo inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti.

Ekzosi pana nayo inaipandisha presha hata usipogusa kitu, na kile kidhibiti cha mkono kinaipita solenoidi ya kiwandani (valvu ya umeme inayodhibiti presha), kwa hiyo kontrol boksi imenyang'anywa usukani.

Kwa safari ya Mbezi–Posta, mimi nasema rudisha. Lakini ROHO ya jambo ni hii: usirudishe nusu. Mfano, kama kontrol boksi iliandikwa kwa nozeli za 550cc na wewe ukafunga za 420cc, injini inapata petroli pungufu kwa karibu 24%. Sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) itatulia maana sensa ya oksijeni inasahihisha, utafurahi, kisha siku ya kwanza ukikanyaga unaua pistoni. Nozeli, bomba la MAF na programu ya kontrol boksi virudi siku moja, gari likiwa palepale kwenye stendi.

Ukienda Shaurimoyo kutafuta nozeli za mtumba, nenda na moja ya zako mkononi. Kuna zinazolishwa petroli kwa juu na zinazolishwa kwa ubavuni, haziingiliani. Nunua seti nzima ya nne, zikasafishwe na kupimwa mtiririko kabla ya kufungwa.

Logi_Kwanza

Nakubaliana na mengi ya hapo juu, isipokuwa ekzosi. Kuirudisha nyembamba si lazima, lakini ukiiacha pana lazima programu ya kontrol boksi ifuate.

Kwanza isomwe. Kebo ya Tactrix OpenPort 2.0 na programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure, zinatosha kwa nyingi za kizazi hiki. Angalia IAM, yaani kiasi ambacho kontrol boksi inaiamini petroli na injini yako. Kwenye kontrol boksi za biti 16 inaishia 16, za biti 32 inaishia 1. Ikiwa imeshuka, injini imeshasikika ikigonga na muda wa cheche umerudishwa nyuma. Angalia pia masahihisho yaliyojifunzwa ya petroli: yakipita 10% juu au chini, kuna hewa inayovuja au MAF haisomi sawa. Anayetaka kutuni kabla ya kuona namba hizi, mwache.

Ramani ya kiwandani ya gari hili ilipangwa kwa petroli ya haioku ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haishuki chini ya oktani 96. Tuni ifanywe kwa petroli unayojaza kila siku, kwenye joto la saa nane mchana, siyo alfajiri. Tuni ya alfajiri ikikutana na Ubungo mchana inaanza kugonga. Sensa ya waidibendi (inayopima mchanganyiko wa hewa na petroli) iwepo, mchanganyiko chini ya presha uwe karibu 11:1, presha ibaki bar 0.9 hivi, na masahihisho ya kugonga yabaki sifuri. Kazi hiyo ni ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) au eneo lililofungwa, siyo barabara ya umma.

Boksa_wa_Mbezi

Asanteni sana wakuu. Je, nikirudisha, bomba linalotoka injini kwenda kwenye turbo nalo nitafute la kiwandani lenye masega? Na huo uzito baada ya foleni?

Kulanti_Siyo_Maji

Hilo bomba liache bila masega. Masega yake hukaa kabla ya turbo. Yakimomonyoka, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye feni. Kama sensa ya joto iliyokuwa humo imetolewa na taa inawaka, rezista ya ohm 2,200 kwenye plagi yake inaizima. Masega ya baada ya turbo ndiyo ya kurudisha.

Uzito baada ya foleni ni intakula. Imekaa juu ya injini, gari likisimama inapikwa. Hakikisha mpira unaoziba kati ya skupu ya boneti na intakula upo na haujachanika, bila huo hewa inapita pembeni. Kwenye rejeta weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled). Maji ya visima vya Dar yenye chumvi yanakula alumini ya hedi. Thermostati iwe ya Subaru, zile ndogo za bei rahisi hazipitishi maji ya kutosha.

SpanaNambari10

Na oili: 5W-40 ya sintetiki, kijiti kiangaliwe kila ukijaza petroli. Injini inabeba lita 4 na kidogo tu, ikipungua lita moja bearingi za koneksheni rodi zinaanza kulia. Leta majibu ya kompresheni hapa, silinda zote nne, ndipo tuzungumze bei ya vitu.