Majirani wa Migosi: siri ya shoo za vipaji zisizozeeka

Mama Apiyo, 18:42
Majirani, hamjambo. Watoto wamefunga shule na runinga ni vipaji kutwa nzima. Nina swali la dhati. American Idol ilianza 2002, America's Got Talent 2006, na mpaka leo zina watazamaji. Tusker Project Fame, shoo yetu ya uimbaji ya Afrika Mashariki, ilianza 2006 hiyo hiyo, na msimu wake wa sita, wa 2013, ndio tuliouona wa mwisho. Tofauti ni pesa tu?

Baba Zawadi, 18:45
Pesa imo, lakini haitoshi. X Factor ya Uingereza ilikuwa na pesa za kutosha, ilianza 2004 na msimu wake wa kawaida wa mwisho ukawa 2018. Idols ya Afrika Kusini ilifika misimu 19, ikafungwa 2023. Zote zilikuwa kubwa.

Otis wa Sauti, 18:51
Mama Apiyo, angalia hivi. Kila shoo inayodumu ina kitu kimoja ambacho hakiguswi, halafu vingine vyote vinaruhusiwa kubadilika. Chukua The Voice, iliyoanzia Uholanzi 2010 na kufika Marekani 2011. Kitu chake ni kiti. Mwimbaji anasimama mbele ya migongo ya viti vyekundu na haoni uso wa mtu. Kocha, ambaye ndiye jaji, anasikia sauti tu, mkono uko juu ya kitufe. Akimtaka anabonyeza, kiti kinazunguka na taa zinawaka chini yake. Hapo nyumbani kila mtu ameacha kutafuna.

Otis wa Sauti, 18:52
Hicho kiti hawajakigusa hata siku moja. Walichofanya ni kuongeza sheria pembeni. 2012 Marekani waliweka wizi: mwimbaji akishindwa kwenye pambano, kocha mwingine anaweza kumchukua. 2018 wakaweka kizuizi: kocha anamfungia mwenzake asimpate mwimbaji fulani, na yule mwenzake anagundua akishageuka. 2024 wakaleta kiti cha watu wawili, Dan + Shay, wanaoamua pamoja. Kila nyongeza inabadilisha hesabu za makocha. Mwimbaji bado yuko mbele ya migongo.

Shangazi Nekesa, 18:58
Otis umesema kweli. Mfano ulio karibu na sisi ni Ghetto Kids, kikundi cha watoto wacheza densi wa Uganda. Kitufe cha dhahabu, kinachompeleka mshiriki moja kwa moja hadi nusu fainali, kiliingia Britain's Got Talent 2014. Kufikia 2023 watu walikuwa wamekizoea: kikundi kinamaliza, jaji anatoa hotuba, anakigonga, karatasi zinamwagika kutoka juu. Mwaka huo Bruno Tonioli alikuwa jaji mpya, amechukua nafasi ya David Walliams. Wale watoto wakiwa katikati ya kucheza, hata hawajamaliza, akakigonga. Haikuwahi kutokea kwenye shoo ile.

Shangazi Nekesa, 18:59
Tazameni tena mkiipata. Karatasi zinaanza kushuka na watoto wako bado kwenye hatua zao, inabidi wachague kuendelea ama kushangilia. Kitufe ni kile kile cha miaka tisa. Kilichobadilika ni sekunde ya kukigonga.

Mama Apiyo, 19:03
Lo! Hiyo niliiona na sikujua ni mara ya kwanza. Basi si ni kubadilisha majaji tu kila mwaka?

Baba Zawadi, 19:08
Hapo ndipo wengi huteleza, shemeji. Jaji mpya anasaidia kwa wiki chache za kwanza, kisha watu wanarudi kwa waimbaji. Tena jaji anakula muda. Piga hesabu: washiriki 12, majaji watatu, kila jaji sekunde 40. Hizo ni dakika 24 za kuongea. Ongeza jaji wa nne, zinakuwa 32. Dakika nane zitatoka wapi? Zitatoka kwenye nyimbo.

American Idol yaliwapata hayo 2009. Walimwongeza Kara DioGuardi awe wa nne, usiku mmoja kipindi kikapita muda wake, na waliokuwa wakikirekodi nyumbani wakakosa wimbo wa mwisho, wa Adam Lambert. Wiki iliyofuata ikabidi majaji wagawane kuzungumza.

Otis wa Sauti, 19:10
Na kitufe pia kina kikomo. America's Got Talent 2024 kila jaji alipewa vitufe viwili vya dhahabu badala ya kimoja. Mimi naona hapo walipunguza thamani. Kitu cha kungojewa kikiwa kingi, hakingojewi tena.

Shangazi Nekesa, 19:11
Siwezi kukubali moja kwa moja. Viwili bado ni vichache ukilinganisha na waliojitokeza. Lakini wasiongeze tena 🙏🏾

Mwalimu Were, 19:20
Jioni njema. Mmeongea majaji na vitufe, hamjagusa nyimbo, na shoo ya uimbaji huzeekea hapo. Got Talent ina bahati. Marekani imewahi kumpa ushindi Terry Fator mwenye vikaragosi 2007, Mat Franco wa mazingaombwe 2014, Mayyas wacheza densi wa Lebanon 2022, na 2023 Adrian Stoica na mbwa wake Hurricane. Mlango uko wazi, kila mwaka utaingia usichokitarajia. Shoo ya uimbaji ina mlango mmoja na nyimbo zile zile kubwa, kila msichana mwenye sauti ya juu anakimbilia Whitney Houston.

Mwalimu Were, 19:24
Dawa yake si nyimbo mpya peke yake. Ni namna ya kuupanga wimbo. Walimu wa kwaya wanaopeleka watoto tamasha la muziki la shule wanaijua: wimbo wa lazima ni mmoja kwa shule zote, na bado shule ya kumi inaweza kukuamsha. Kwenye shoo, mshiriki ana kama sekunde 90. Wimbo wa dakika tatu na nusu hauingii, lazima ukatwe. Mpango unaofanya kazi ni huu: ala sekunde 8, ubeti wa kwanza 25, kiitikio 25, kisha unaruka ubeti wa pili wote, unaingia kile kipande kinachogeuza wimbo, 12, na kiitikio cha mwisho 20. Jumla 90.

Kosa la kawaida ni kuimba ubeti wa kwanza na wa pili mpaka muda unakwisha kabla ya kilele. Sauti ilikuwa nzuri, ila wimbo haukufika popote, na mtazamaji hajui kwa nini hajaguswa.

Otis wa Sauti, 19:27
Mwalimu, wape na ile ya nusu toni.

Mwalimu Were, 19:31
Nakuja. Siku ya laivu mshiriki ameimba na bendi, ameimba tena kamera zikipimwa, ameimba tena kwa mavazi kamili. Usiku ukifika koo limechoka. Kwa hivyo wimbo haupimwi kwa sauti ya asubuhi. Uimbwe mara tatu mfululizo bila kupumzika. Ile noti ya juu kabisa ikipasuka mara ya tatu, shusha wimbo wote nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya sauti, na urudie jaribio. Ikipasuka tena, shusha nyingine. Ukishapita toni mbili kwenda chini, ubeti unazama mpaka hausikiki. Hapo badilisha wimbo, usimlazimishe mtoto.

Mama Apiyo, 19:33
Apiyo amekaa hapa anaandika haya yote kwenye daftari.

Otis wa Sauti, 19:41
Nyimbo zinatupeleka kwa kura, na hapa American Idol ilijifunza kwa uchungu. 2008 waliruhusu washiriki kupiga ala zao. Ilikuwa hatua nzuri, nyimbo za zamani zikapata sura mpya, David Cook alizigeuza kuwa roki na akashinda. Lakini tazama kilichofuata: kuanzia 2008 hadi 2012 washindi ni wanaume watano mfululizo, wengi wao na gitaa mkononi. Mtu alikuwa anaweza kupiga kura tele usiku mmoja, kwa hivyo kundi dogo lenye bidii linalishinda kundi kubwa linalopiga kura moja moja. Mtazamaji akishajua atakayeshinda ni wa aina gani, fainali imekufa. Mnyororo huo ulikatwa na Candice Glover 2013.

Baba Zawadi, 19:44
Na mitambo pia. Fainali ya 2003 kati ya Ruben Studdard na Clay Aiken ilikuwa na kura kama milioni 24, tofauti takriban 134,000. Laini zilikuwa zimejaa, watu wanapiga hawapiti. Kwa tofauti ndogo hivyo, malalamiko hayaishi.

Otis wa Sauti, 19:48
Kwa hivyo wakarekebisha polepole. 2009 majaji wakapewa nafasi moja ya kumwokoa mtu aliyetolewa na kura. Iliporudi kwa kituo cha ABC 2018, wakaanza kupiga kura wakati mmoja nchi nzima shoo ikiwa hewani. Kura nazo zikapewa kikomo, 10 kwa kila mshiriki kwa kila njia ya kupiga.

Huku kwetu kura ni ya ujumbe mfupi, na kuna jambo watu husahau: ujumbe unapanga foleni kwenye mtandao. Uliotumwa dakika moja kabla ya kufungwa unaweza kuingia dakika tano baadaye. Ukitangaza saa tatu kamili, acha mlango wa kuhesabu wazi mpaka foleni iishe, na mtangazaji ajaze muda kwa wimbo wa mgeni. Wasipofanya hivyo, mtu amekatwa pesa na kura yake haikuhesabiwa. Huyo hapigi kura tena msimu ujao.

Mama Apiyo, 19:52
Sasa turudi nyumbani. Project Fame ilikosa nini? Mimi naona ilikuwa nzuri.

Shangazi Nekesa, 19:57
Ilikuwa nzuri kweli. Valerie Kimani 2006, Alpha wa Rwanda 2009, Ruth Matete 2012, Hope wa Burundi 2013. Nchi ndogo zilikuwa zinashinda, na hilo liliwavuta watu wa nchi zote. Uti wake wa mgongo ulikuwa ile nyumba washiriki walimokaa na kufundishwa: unamwona mtoto Jumatatu hajui kupumua vizuri, na Jumapili anasimama mbele ya jaji Ian Mbugua. Unafuata kukua kwake.

Baba Zawadi, 20:02
Tatizo la shoo nyingi za kwetu ni jina. Ukiweka mdhamini mmoja ndani ya jina la shoo, kama bia ya Tusker, siku akibadilisha bajeti, jina linaenda naye. Bongo Star Search kule Tanzania iliwahi kubeba jina la Epiq la kampuni ya simu ya Zantel, baadaye likaondoka, na shoo ikabaki Bongo Star Search na Madam Rita, mwenye shoo. Jina lilikuwa la shoo yenyewe. East Africa's Got Talent nayo ilikuja 2019, wakashinda Esther na Ezekiel wa Uganda, dola 50,000, na hatukuona msimu wa pili.

Shangazi Nekesa, 20:05
Wakirudi, odisheni zisiwe za siku moja mjini. Watu hawajui kwamba anayefika mbele ya majaji ameshachujwa na maprodyusa mara kadhaa. Huko ndiko upya wa msimu unapatikana ama unapotea. Watume watu wawili wiki tatu kabla, wapite Kondele, Kakamega, Bungoma, waingie kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, wasikilize nyatiti, ile ala ya nyuzi, na ngoma za isukuti pale zinapochezwa. Mpiga nyatiti mzee hawezi kupanga foleni tangu saa kumi alfajiri.

Mwalimu Were, 20:07
Na fomu ya kujiandikisha iwe na sehemu ya ala. Ukiandika "mwimbaji" peke yake, utaletewa waimbaji peke yao.

Baba Zawadi, 20:12
Kupumzika pia si kufa. American Idol iliondoka 2016, ikarudi 2018. Operación Triunfo ya Uhispania, ambayo pia ni ya nyumba kama Project Fame, ilinyamaza 2011, ikarudi 2017 na kamera za nyumba zikiwa laivu YouTube mchana kutwa. Vijana wasiokaa mbele ya runinga wakaikuta kwenye simu. Uti wa mgongo ni ule ule, omera, dirisha la kuutazama ndilo jipya.

Mama Apiyo, 20:16
Erokamano, majirani. Mwalimu, Apiyo amepima wimbo wake kwa saa ya simu, umefika dakika mbili na sekunde arobaini. Anauliza akate wapi.

Mwalimu Were, 20:19
Aondoe ubeti wa pili na kiitikio kinachoufuata, apime tena. Ukizidi 90 bado, apunguze ala za mwanzo mpaka hesabu mbili za mapigo manne tu. Kiitikio cha mwisho asikiguse.