Kanali wa heshima ana kazi gani hasa katika rejimenti?

Mdadisi:
Wanajukwaa, nawasalimu. Jeshini cheo hupatikana kwa jasho: mtu huanzia chini, hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na asiyestahili nyota havishwi. Hata hivyo, katika majeshi mengi, hasa yaliyofuata desturi za Uingereza, nakuta rejimenti ambazo kanali wao ni mfalme, malkia, mwanamichezo au mfanyabiashara ambaye pengine hajawahi kukaa hata siku moja kwenye handaki. Desemba 2022, kwa mfano, Malkia Camilla alikabidhiwa ukanali wa Grenadier Guards, na Catherine, mkewe Prince William, akapewa ule wa Irish Guards. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie desturi hii ilianzia wapi, kama kanali wa namna hiyo anaweza kutoa amri, na askari wa kawaida anafaidika nini nayo.

Msomaji wa Kumbukumbu:
Ndugu Mdadisi, umeuliza jambo zuri, na jibu lake limo katika historia ya fedha kuliko ya mapambo. Katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18, kanali alikuwa karibu sawa na mmiliki wa rejimenti. Mfalme alimpa hati ya kuandikisha askari, naye akapokea fedha za kuwavisha. Kilichobaki baada ya kununua sare kilikuwa chake, kwa hiyo kanali mwenye tamaa aliwavisha watu wake kitambaa hafifu na kutia tofauti mfukoni. Vitani mara nyingi hakuwapo kabisa, na aliyeongoza mapambano alikuwa luteni kanali.

Rejimenti ziliitwa kwa jina la kanali, na hapo ndipo vurugu zilipozuka. Katika vita vya kurithi ufalme wa Austria, kwenye miaka ya 1740, jeshi la Uingereza lilijikuta na rejimenti mbili za makanali wenye jina la Howard. Ili wasichanganyikiwe, watu walitazama rangi ya kola na mikunjo ya mikono ya makoti: waliovaa kijani wakawa Green Howards, na wale wa rangi ya ngozi iliyolainishwa, iitwayo "buff" kwa Kiingereza, wakabaki na jina la Buffs. Amri ya kifalme ya mwaka 1751 ilizipa rejimenti namba na kumkataza kanali kuweka nembo ya ukoo wake kwenye vifaa vya askari. Austria nayo ilizipa rejimenti zake namba mwaka 1769.

Tangu hapo umiliki uliyeyuka polepole. Faida ya sare iliondolewa katikati ya karne ya 19, na biashara ya kununua kamisheni, yaani cheo cha uofisa, ikafutwa mwaka 1871. Kanali wa rejimenti akabaki na jina, heshima na wajibu wa kulinda desturi za watu wake. Kwa maoni yangu, haya ni mabadiliko mema sana, kwa sababu cheo kilichokuwa njia ya kujitajirisha kimegeuka kuwa cha kuwatumikia wengine bila malipo.

Mpenda Historia ya Ulaya:
Nakubaliana na aliyetangulia, ila naomba niongeze upande wa wafalme, ambao una uchungu wake. Mwishoni mwa karne ya 19 watawala wa Ulaya walipeana ukanali mkuu wa rejimenti, yaani ukanali wa heshima wa ngazi ya juu kabisa, kama ishara ya urafiki. Malkia Victoria alipewa rejimenti ya askari wa farasi wa walinzi wa Prussia mwaka 1889. Mwaka 1894 mjukuu wake, Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, alipewa Royal Dragoons wa Uingereza, na mwaka huohuo Nicholas II wa Urusi akapewa Scots Greys. Franz Joseph wa Austria alipata King's Dragoon Guards mwaka 1896, na rejimenti hiyo ikaanza kuvaa kwenye kofia nembo ya ndege tai wa vichwa viwili wa ukoo wa Habsburg uliotawala Austria.

Vita vilipozuka mwaka 1914, heshima hizo hazikuzuia hata risasi moja. Wilhelm na Franz Joseph waliondolewa, na tai akavuliwa. Jambo la kushangaza ni kwamba tai huyo alirudishwa mwaka 1937, na rejimenti iliyorithi ile ya zamani inamvaa mpaka leo, ingawa ufalme wenyewe ulitoweka mwaka 1918.

Mfano unaonipa imani zaidi ni wa Norway. Green Howards, walewale wa kola za kijani, walipigana huko Aprili 1940 dhidi ya Wajerumani. Mfalme Haakon VII, akiwa uhamishoni Uingereza, akawa kanali wao mkuu mwaka 1942. Alifuatwa na mwanawe Olav V, kisha mjukuu wake Harald V. Uhusiano huo ulikuwa na maana kwa sababu ulizaliwa kwenye uwanja wa vita, tofauti na ule uliotokana na ziara ya ikulu.

Mdadisi:
Nashukuru sana, wakuu. Historia nimeielewa. Lakini suala la amri bado halijajibiwa, na raia wa kawaida anaingiaje humu?

Mstaafu:
Kuhusu amri, jibu ni fupi: hana. Uongozi wa kila siku, mafunzo, nidhamu na mipango ya vita viko mikononi mwa kamanda wa kikosi na wakubwa zake. Kanali wa heshima huvaa sare na kupigiwa saluti, lakini hawezi kumpeleka askari popote.

Kazi yake ni ya aina nyingine. Huwatembelea majeruhi, huhudhuria mazishi, hukaa na familia zilizofiwa, na humshauri kamanda kwa faragha kuhusu mambo ambayo ofisa wa chini angeogopa kuyasema. Kwenye gwaride la kukabidhi bendera mpya, ngoma hupangwa zikawa kama madhabahu, bendera ikalazwa juu yake, kasisi akaibariki, kisha ofisa kijana akapiga goti moja ili aipokee kutoka kwa mgeni wa heshima, ambaye mara nyingi ndiye kanali huyo. Aliyewahi kusimama kwenye gwaride kama hilo hawezi kuliita mchezo.

Kanada imewafungulia raia mlango kwa upana zaidi. Vikosi vyao vya akiba huwa na makanali wa heshima wanaotoka katika jamii inayokizunguka kikosi. Hilo lina manufaa ya wazi: askari wa akiba ana mwajiri anayemwomba ruhusa, na mtu anayesikilizwa mjini akizungumza na waajiri, ruhusa hupatikana kwa urahisi. Marekani imechagua njia tofauti, ya kumtafuta shujaa wa rejimenti yenyewe. Ralph Puckett, aliyeongoza kikosi cha Ranger, yaani askari wa miguu wenye mafunzo maalumu, nchini Korea mwaka 1950 na kujeruhiwa vibaya, alikuwa kanali wa heshima wa rejimenti ya 75 ya Ranger kuanzia 1996, na vijana walimwona akitembea nao mazoezini akiwa mzee. Njia hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mwenye Mashaka:
Mzee Mstaafu, nakuheshimu, ila naona hatari katika kuwapa vyeo watu mashuhuri. India ilimpa mchezaji wa kriketi MS Dhoni cheo cha heshima cha luteni kanali mwaka 2011, miezi michache baada ya kutwaa Kombe la Dunia. Je, askari aliyetumikia miaka ishirini mpakani anajisikiaje?

Mstaafu:
Hoja yako ina uzito, na si kila uteuzi ninaoweza kuutetea. Lakini mfano uliouchagua unakupinga kidogo. Dhoni alikwenda Agra mwaka 2015 akaruka kwa parashuti mara tano ili astahili beji ya mbawa ya askari wa miavuli, na mwaka 2019 alikaa na kikosi chake Kashmir kwa majuma mawili hivi, akilinda zamu na doria. Askari hupima kwa kuhudhuria. Akija mara moja kupigwa picha, watamsahau. Akirudi mvua ikinyesha, watamkumbuka.

Palipo na doa, heshima hurudishwa kwa aliyeitoa. Prince Andrew alikuwa Kanali wa Grenadier Guards, na Januari 2022 nyadhifa zake za kijeshi zilirudishwa kwa Malkia Elizabeth wakati akikabiliwa na kesi ya madai nchini Marekani. Ndiyo maana, ndugu Mdadisi, ulimkuta Camilla mahali hapo mwezi Desemba.