Frankenstein ya 1931 ilimkata ulimi kiumbe wa Mary Shelley, na bado mnaiita "riwaya kwa picha"

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Kila zikitajwa filamu za kutisha, hakosi mtu wa kuja kusema ile Frankenstein ya mwongozaji James Whale ndiyo kitabu chenyewe. Kitabu kipi? Mmekisoma?

Naanza na ubongo, maana hapo ndipo damu inaponichemka. Kwenye filamu, Fritz, msaidizi wa daktari, anaingia chuoni kuiba ubongo uliohifadhiwa kwenye chupa. Ule mzima unamponyoka, anaondoka na wa pili, wa mhalifu. Sasa huyo Fritz kitabuni hayupo! Chupa hiyo haipo! Victor Frankenstein, muumba wa kiumbe, alikuwa peke yake kule Ingolstadt, Ujerumani, usiku wa Novemba, mvua ikigonga dirisha na mshumaa ukielekea kuzima. Kiumbe akafumbua jicho, na aliyemuumba akamkimbia. Alikuwa hajamdhuru yeyote. Alikimbiwa kwa sura yake tu, na mabaya yote yaliyofuata yanaanzia kwenye kutelekezwa huko. Filamu ikachomeka ubongo mbovu, daktari akatakasika, lawama ikaangukia chupa.

Halafu wakamfanya bubu. Jamani! Kiumbe wa Mary Shelley alijifunza kusema kwa kuchungulia familia ya De Lacey kwenye ufa wa ukuta, huku usiku akiwakatia kuni bila wao kujua ni nani. Alisoma vitabu vya waandishi wakubwa: Milton, Plutarch na Goethe. Alipokutana na Victor milimani, juu ya barafu, alimwambia ana kwa ana kwamba yeye ndiye aliyestahili kuwa Adamu wake. Sura sita mfululizo anasimulia mwenyewe, na ukizimaliza hujui tena umlilie nani. Kwenye filamu ananguruma tu. Boris Karloff, aliyemwigiza kiumbe, simgusi: pale anapoinua mikono kuushika mwanga unaoshuka kutoka juu, machozi yalinitoka. Ndiyo maana nina hasira zaidi. Mwigizaji wa kuyabeba yale maneno walikuwa naye, wakamnyima.

Na yule mtoto wa kwenye filamu, Maria. Kitabuni kiumbe anamwokoa msichana anayezama mtoni, shukrani yake ni risasi. Filamu ikageuza: yeye ndiye anayemtupa mtoto ziwani. Najua, alidhani ataelea kama yale maua waliyokuwa wakiyarusha majini. Lakini tendo lake la huruma limegeuzwa kifo, na anayetazama anatoka akikumbuka maiti mikononi mwa baba.

Msiniambie filamu ni fupi. Kufupisha nakubali. Safari ya Walton, yule msafiri wa kitabuni, kwenye barafu ya kaskazini, toeni. Victor kuitwa Henry, na rafiki yake Henry kuitwa Victor, upuuzi, lakini napita.

Lisilonipita ni jina la mwandishi. Mwaka 1818 riwaya ilitoka bila jina lake. Miaka 113 baadaye, filamu inafunguka kwa kumtaja kama "Mrs. Percy B. Shelley". Mke wa fulani! Binti aliyeanza kuiandika akiwa na miaka 18!

Kwa hiyo anayeitetea filamu aje hapa, ila asinipigie hadithi za vipodozi na mapambo ya jukwaa. Anijibu moja tu: ukiisha kuweka ubongo wa mhalifu kichwani mwa yule kiumbe, Victor amebakiwa na kosa gani?