Nimepunguzwa kazi, nina milioni 4: ninunue bodaboda au nisubiri?

Wakuu, habari zenu. Kiwanda nilichofanyia kazi miaka sita hapa Morogoro kimepunguza watu, nami nimo. Mkononi nina milioni 4. Shemeji anasema ninunue bodaboda niitoe kwa mkataba. Mke wangu anataka turudi Kilosa tukalime mpunga. Kodi ya nyumba inaisha Desemba. Usiku nakaa na daftari, naandika, nafuta, naandika tena. Nishaurini kwa dhati.

Mama Ntilie: Pole sana mdogo wangu. Usiamue wiki hii. Mimi mume alipofariki niliuza cherehani kwa papara, hadi leo naililia. Tenga kwanza kodi na ada za watoto. Kinachobaki ndicho mtaji.

Dereva wa Msamvu: Mkuu, kama hukuacha kazi mwenyewe na ulichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi 18 au zaidi, fuatilia fao la kukosa ajira. Bodaboda ya mkataba inategemea kijana unayempa. Ikilala gereji, hesabu, yaani pesa anayopaswa kukuletea, hailetwi.

Muuliza swali: Asanteni sana. NSSF sikuwa nimeifikiria kabisa, nakwenda Jumatatu. Mke ataanza na ekari moja ya kukodi.